Ukinusa gesi ndani, mkono uwe mbali na swichi

Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya ya gesi. Nyumba imefungwa tangu saa nne usiku, madirisha yamebanwa kwa ajili ya mbu, mtungi uko kwenye kona yake na nobu moja ya jiko haikufika mwisho wa mzunguko. Mtu anaamka, macho bado mazito, anasukuma mlango wa jikoni na mkono unajiendea wenyewe ukutani kutafuta swichi. Wakati wa daku mambo ni hayohayo, tena nyumba nzima ina haraka. Mkono una mazoea, haungoji pua. Ndiyo maana sisi tunaofunga na kukagua mitungi majumbani hatuanzi kufundisha kwa spana wala povu la sabuni. Tunaanzia mlangoni: simama, vuta pumzi kwa pua, ndipo uingie.

Harufu yenyewe wengi huifananisha na yai viza, wengine kabichi iliyooza au vitunguu vilivyosahauliwa kwenye mfuko. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na kwa asili yake hainuki. Kinachonuka ni merkaptani, kemikali ya salfa inayotiwa makusudi ili gesi ikianza kuvuja, hata kabla haijafika kiwango cha kuweza kuwaka, pua iwe imeshajua. Shida ni kwamba pua huchoka. Ukikaa na harufu hiyo dakika chache unaizoea, na utaapa kwamba imekwisha. Mwenye mafua hanusi, wazee wengi hawanusi sawasawa, na jiko lililotoka kukaanga dagaa linaficha mengi. Ukiwa na shaka, toka nje upumue hewa safi, kisha mwite jirani ambaye hakuwa ndani aje anuse kwenye kizingiti. Pua ya mgeni ndiyo ya kuaminiwa.

Kuna harufu moja ya kuchanganya. Mtungi ukikaribia kuisha hunuka zaidi, kwa sababu merkaptani haigeuki hewa upesi kama propani, hivyo inabaki nyuma na kujikusanya kwenye gesi ya mwisho. Wenye uzoefu hutumia harufu hiyo kujua kwamba kesho ni siku ya kununua. Hatupendi mazoea hayo. Kama inanuka jiko likiwa limezimwa, ujue inatoka mahali, iwe mtungi umejaa au umebaki na kikombe.

Sasa ukitaka kuelewa mengine yote, ichukulie gesi ya mtungi kama maji usiyoyaona. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja hupanda darini? La. Inamwagika sakafuni, inajaa penye bonde, inapita chini ya mlango, inaingia uvunguni, inatafuta mtaro. Jiulize: ningemwaga ndoo ya maji hapa yangeishia wapi? Hapo ndipo gesi ilipo. Ndiyo maana mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu na mtoto anayetambaa akawa ndani yake kabisa. Wanaolala kwenye godoro lililotandikwa chini ndio wa kuamshwa kwanza, kwa sababu gesi hii, ingawa si sumu kama ule moshi usioonekana wa mkaa, inaisukuma hewa pembeni na mtu anakosa oksijeni usingizini.

Hesabu yake inatisha kuliko watu wanavyodhani. Kilo 1 ya gesi ikitoka kwenye mtungi hugeuka karibu nusu mita ya ujazo ya hewa inayowaka. Ili iwake inahitaji kuwa kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa iliyopo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2 na nusu kina mita za ujazo 22 na ushee, kwa hiyo takriban kilo 1 inatosha kukifanya chumba kizima kiwe tayari kulipuka. Lakini gesi haisambai chumba kizima. Inalala chini, na tabaka la sentimita 30 juu ya sakafu ya chumba hichohicho linahitaji gramu 120 tu, sawa na glasi ndogo ya sukari. Mtungi wa kilo 6 una glasi hizo hamsini.

Ukinusa, taa iliyozimwa ibaki imezimwa, na iliyowaka ibaki inawaka. La kwanza watu wanalijua, la pili wanalisahau. Swichi hutoa cheche inapounganisha na inapokata. Plagi ya friji ukiichomoa ni hivyohivyo, na chaja, na feni, na kengele ya mlango. Simu usiitumie ndani. Ukitaka tochi, iwashe ukiwa nje ndipo uingie nayo. Friji ndiyo adui wa kimya, kwa sababu inajiwasha na kujizima yenyewe bila kuguswa na mtu, na mota yake iko chini kabisa, palepale gesi inapolala. Huwezi kuizuia kwa usalama ukiwa ndani. Kama swichi kubwa ya umeme iko nje ya nyumba, mbali na harufu, mtu aizime huko. Kama iko jikoni au koridoni karibu na harufu, iache ilivyo na mtoke.

Na udi. Pwani tunajua kuondoa harufu mbaya kwa chetezo, kaa moja jekundu na kipande cha udi au ubani, na nyumba inapendeza. Mtu akisikia uvundo jikoni asioujua, wazo la kwanza linaweza kuwa hilo. Chetezo ni moto unaotembea, tena kwa kawaida huwekwa chini sakafuni. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kuchoma, mshumaa umeme ukikatika, kibatari, sigara ya aliyekuja kuangalia kuna nini. Hakikisha umejua harufu ni ya nini kabla hujaifukuza.

Kinachofuata ni kufunga gesi, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu mitungi haifungwi kwa namna moja.

Mtungi wa kilo 15 unaotumika Tanzania, na wa 13 wa Kenya, una regyuleta, kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi, inayobanwa juu ya vali, kisha mpira unaokwenda kwenye jiko. Geuza nobu ya regyuleta mpaka kwenye alama ya kuzima, halafu kama mikono yako imetulia inua pete yake uitoe kabisa. Ndani ya vali kuna pini yenye springi. Regyuleta ikiondoka, pini inapanda na vali inajifunga. Mitungi mikubwa ya kilo 38 au 50 mara nyingi ina gurudumu la mkono juu: zungusha kulia, kama mshale wa saa unavyokwenda, mpaka ligome. Mkono unatosha, spana haina kazi hapo.

Mtungi mdogo wa kilo 6, ule wenye jiko lililokaa juu yake, ambao Kenya wanauita meko, ndio unaodanganya. Nobu yake iko kwenye kichomeo, juu ya maungio. Ukiifunga unazuia gesi isifike kwenye ndimi za moto. Lakini kama inavuja pale kichomeo kinapojifungia kwenye vali, nobu haizuii kitu, maana shina la kichomeo bado limeikandamiza pini na njia iko wazi. Mtu anafunga nobu, anakaza mpaka vidole vinauma, harufu inaendelea, anachanganyikiwa. Mtungi huu ukijaa una uzito wa kilo 13 hivi, unabebeka. Ubebe nje ukiwa umesimama, usiukokote, uuweke mahali pa wazi, ndipo ufungue kichomeo chote kwa kukizungusha kushoto. Kitalia "sss" kwa nguvu sekunde moja au mbili kinapoachia, kisha kimya. Kisipokuwa kimya pini imekwama, kwa kawaida kwa uchafu. Hapo rudisha kichomeo, kaza kwa mkono, uache mtungi palepale nje na umwite muuzaji. Kuna wanaoidokoa pini kwa msumari ili iachie. Tumeona pini zilizodokolewa. Nyingi hazirudi tena, na gesi inayoruka hapo ni baridi kiasi cha kubabua ngozi.

"Mahali pa wazi" maana yake ni mbali na mtaro, kisima, shimo la choo, gari au bodaboda iliyowashwa na jiko la mkaa la mtu yeyote. Simama upande upepo unakotokea. Mtungi unaovuja usioweza kufungika unaachwa umesimama uishe wenyewe, watoto na wapita njia wakizuiwa mita 50 au zaidi. Usiulaze: ukilala, kinachotoka si hewa tena, ni gesi ya maji, yaani ile iliyo kimiminika ndani ya mtungi, ambayo ikipata joto la nje inavimba mara 250 hivi.

Fungua milango na madirisha, na ukumbuke habari ya maji. Dirisha la juu linasaidia kidogo. Mlango ndio unaosaidia, hasa wa nyuma na wa mbele kwa pamoja ili hewa ipite sakafuni. Kama harufu ni nyepesi na mtungi umeshafungwa, unaweza kuisukuma gesi nje kwa kupunga khanga chini chini, au kwa kuchezesha mlango wenyewe kama feni. Feni ya umeme, hapana. Tahadhari nyingine ambayo wachache wanaijua: chumba kilichojaa gesi kupita asilimia 10 hakiwaki, kwa kuwa hewa haitoshi. Ukikifungua, gesi inapungua, na katika kupungua huko inapita kwenye kile kiwango cha kuwaka. Kwa hiyo dakika za kwanza baada ya kufungua madirisha ndizo za kuogopwa, na ndipo utasikia mtu anasema "sasa imepungua, washa taa tuone." Ngojeni nje. Nusu saa kwa uvujaji mdogo, zaidi kwa mkubwa, na aliyekuwa nje ndiye atangulie kunusa: uvunguni, chini ya sinki, ndani ya kabati lililofungwa.

Harufu ikiwa kali tangu mlangoni, au ukisikia mtungi ukilia, achana na yote haya. Hakuna kufunga vali, hakuna kuokoa godoro. Watu watoke, mlango uachwe wazi, na simu ipigwe kutoka mbali: Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, Kenya 999 au 112.

Kwenye nyumba za kupanga, zile za vyumba sita na korido moja, kuna kazi ya ziada, nayo ni ya sauti. Jikoni kwako kunavuja, lakini moto uko kwa jirani: jiko la mkaa lenye maharage, pasi ya mkaa, mandazi ya asubuhi. Gesi inapita chini ya mlango wako na kulifuata korido kama maji yanavyofuata mteremko. Usione haya kupiga kelele "Gesi inavuja, zimeni moto, tokeni!" Usibonyeze kengele, gonga milango kwa mkono. Jiko la mkaa likiwa tayari ndani ya eneo lenye harufu, usilimwagie maji wala kulichokoa, maana majivu yanaruka na makaa yanafunguka. Watoeni watu. Likiwa mbali bado, lipelekwe mbali zaidi.

Ikiwa imeshawaka, mambo yanageuka. Moto unaowaka kwenye mpira au kwenye shingo ya mtungi unakula gesi inayotoka. Ukiuzima bila kufunga, gesi inaendelea kumwagika na itatafuta moto mwingine. Kama unaifikia nobu ya regyuleta, funika mkono kwa kitambaa kilicholowa chapachapa, funga, na moto utajifia. Taulo au gunia bichi lililokamuliwa kidogo, likifunikwa kutoka upande wako kwenda mbele, linakupa nafasi ya kufanya hivyo. Kizima moto cha unga mkavu kinafanya kazi nzuri, ila mkono wa pili uwe tayari kwenye vali. Kama huifikii, au ulimi wa moto unaulamba mtungi wenyewe, ondoka na uwaondoe watu. Mtungi unaochomwa unapandisha mgandamizo ndani, na chuma kikishapata joto kinadhoofika. Usirudi kuchukua simu.

Tuseme yamepita, nyumba imepumua, na sasa unatafuta palipovuja. Kazi hii inafanyika nje au mlango ukiwa wazi, mchana, bila moto wowote jirani. Changanya kijiko kikubwa cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kikombe cha maji, koroga mpaka povu lisimame. Sabuni ya unga nayo inafaa ikiyeyuka vizuri. Nobu zote za jiko zifungwe, vali ya mtungi ifunguliwe, kisha paka povu kwa sponji au brashi ya zamani: mzunguko wa vali, pale regyuleta inapokaa, mpira unapoingia kwenye regyuleta, mpira wote kidole baada ya kidole huku ukiukunja taratibu, mpira unapoingia kwenye jiko, halafu shina la kila nobu. Usiharakishe. Uvujaji mkubwa unatupa mapovu makubwa papo hapo. Mdogo unafanya kitu kama mayai ya chura, vidoa vyeupe vinavyokua polepole kwa dakika nzima. Ukimaliza funga, suuza kwa maji safi na ufute, kwa kuwa sabuni ikikaushwa juu ya shaba huanza kuila.

Wanaopima kwa kiberiti wapo bado. Hoja yao ni kwamba fundi fulani hufanya hivyo kila siku. Uvujaji uliopo chini ya kabati hauoni njiti, lakini ile gesi iliyokwisha jikusanya inaiona.

Regyuleta zenye saa, zile zenye mshale, zina kipimo kingine: fungua vali, mshale upande, funga vali huku nobu za jiko zikiwa zimefungwa, ungoje robo saa. Mshale ukishuka, kuna mahali panatoka kati ya vali na jiko. Saa hiyo haikuambii gesi imebaki kiasi gani, ingawa wauzaji wengi wanasema hivyo. Mtungi ukiwa na tone la gesi ya maji ndani yake, mgandamizo ni uleule wa mtungi uliojaa, na hupanda au kushuka kwa joto la siku. Kujua kilichobaki, pima uzito, utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye shingo au kwenye kola yake.

Mara nyingi mhalifu ni kipande cha mpira chenye thamani ya soda. Oringi, ile pete nyeusi ndogo, hukaa ndani ya vali ya mtungi au mwisho wa kichomeo kutegemea aina. Inakauka, inapasuka, inang'oka na kwenda na mtungi mtupu dukani bila mwenyewe kujua. Mtungi mpya unaletwa na bodaboda, unafungwa bila oringi, na jioni nyumba inanuka. Kila unapobadilisha mtungi, kabla hujafunga chochote, chungulia ndani ya shingo: pete ipo, imekaa sawa, haina mpasuko, hakuna mchanga. Zikiwa mbili kwa bahati mbaya, ya zamani imeganda na mpya imewekwa juu yake, itavuja pia. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, gundi au kipande cha tyubu ya baiskeli havifanyi kazi ya oringi. Kukaza kwa nguvu zaidi nako hakusaidii, kunaiponda tu.

Kwenye mitungi mikubwa yenye gurudumu, nati ya regyuleta ina nyuzi za kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kushoto. Fundi wa maji aliyezoea mabomba atailegeza akidhani anaikaza, tena kwa bidii.

Mpira wenyewe uwe wa gesi, wenye maandishi na mwaka pembeni, usizidi mita 1 na nusu, usiungwe katikati, na ubadilishwe kabla haujatimiza miaka 5. Wa jikoni kwenye joto na mafuta hautufikishi huko, tunaubadilisha kwa 2 au 3. Ukunje kwenye kiganja: ukiona nyufa nyembamba kama za kisigino, umekwisha. Mpira wa maji unafanana nao na ni rahisi, lakini gesi inaulainisha kutoka ndani. Pande zote mbili zifungwe kwa klipu ya chuma ya kukaza na bisibisi. Waya na kamba ya mpira vinakata. Usipite nyuma ya jiko au oveni. Na mahali penye panya ukague kila wiki, maana panya hutafuna mpira wa gesi, na jino lao linaweza kutoboa upande wa ukutani usioonekana.

Regyuleta ya shinikizo kubwa, ya majiko ya kukaangia chipsi au ya mama lishe, isifungwe kwenye jiko la nyumbani. Jiko la pleti mbili linahitaji shinikizo dogo, kama milibari 30. Ukilipa kubwa, moto unaruka juu, watu wanafurahi kwamba maji yanachemka upesi, na vali ndogo za nobu ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo zinaanza kupitisha.

Mengine yanaanzia dukani. Mtungi haujazwi pomoni. Hubakizwa nafasi ya asilimia 15 hadi 20 ili gesi ya maji ipate pa kutanukia jua likipanda. Anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira nyuma ya duka hana namna ya kujua amefika wapi, na mtungi uliozidishwa ukikaa kwenye jua la Februari unavuja pasipo kosa la mtumiaji. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa 1 Februari 2024, ulitokea kwenye eneo la kujazia gesi lisilo na kibali katikati ya makazi ya watu. Dai mzani, muuzaji halali anao. Angalia lakiri ya plastiki juu ya vali, kutu kwenye kitako, na kola isiyopinda.

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya watu wawe wanapikia nishati safi, na mitungi ya kilo 6 imegawiwa kwa bei ya ruzuku maeneo mengi. Wengi wanaoipokea wametoka moja kwa moja kwenye kuni, wakiwa na ujuzi wa moto wa miaka mingi ambao hapa unawageuka. Kuni unawasha kwanza kisha unaupulizia mpaka ukae. Gesi unawasha njiti kwanza ndipo unafungua nobu, na isiposhika kwa sekunde tatu unafunga, unangoja dakika kadhaa, unaanza upya. Kuni zikiisha unazisogeza. Gesi ikiisha watu wanaulaza mtungi, wanautikisa, wanauweka kwenye maji ya moto. Kuulaza kunasukuma gesi ya maji kwenye kichomeo, na moto unaotoka hapo unafika usoni.

Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zinatumia gesi asilia ya bomba, na huko maneno yangu ya maji yanapinduka. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, inapanda darini. Madirisha ya juu ndiyo ya kufunguliwa, na vali ya kufunga iko kwenye mita, mara nyingi nje: mkono wa vali ukiwa umelala sambamba na bomba iko wazi, ukikingama imefungwa. Hata kengele ya kugundua gesi inafuata tofauti hiyo. Ya mtungi hufungwa sentimita 30 kutoka sakafuni, ya gesi asilia sentimita 30 kutoka darini. Nyingi zinazouzwa mjini zinafungwa usawa wa macho, karibu na swichi, kwa sababu hapo ndipo soketi ilipo.

Na mwenye kujua haya yote ndani ya nyumba mara nyingi ni baba au mama, ambao saa nne asubuhi wako kazini. Aliyepo ni dada wa kazi, bibi na mtoto wa darasa la pili. Dada amefundishwa kuwasha. Mpe mtungi uliounganishwa na jiko, mfunge macho kwa kitambaa, mwambie aufunge kwa kugusa tu: nobu iko wapi, inazunguka upande gani, regyuleta inatokaje. Rudieni mpaka asisite. Kisha mwonyesheni kwa kidole atasimama wapi nje, na namba 114 iandikwe upande wa nje wa mlango, pale inaposomeka mtu akiwa ameshatoka.